Barua ya Kufunga Muhula wa Pili

Wapendwa wazazi na walezi,

Salaam kwenu nyote. Safari hii barua yangu inakuja kwa Kiswahili, na kuna sababu. Kwenye kikao cha muhula wa kwanza mama mmoja alisimama akasema, "Mwalimu, barua zako mimi husomewa na mtoto." Tukaiomba ile barua, tukaisoma pamoja. Pale tulipoandika kwa Kiingereza kwamba kijana husinzia darasani, yeye alikuwa amemsomea mama yake kwamba darasani hutulia sana. Ukumbi mzima ukacheka. Nami nilicheka, ila nilirudi ofisini na aibu kidogo. Hapa Busia, upande wa Uganda mpakani na Kenya, muuza nyanya na mbadilisha fedha huelewana kwa Kiswahili, na watoto wenu tunawafundisha hichohicho Kiswahili. Basi kuanzia leo mkalimani hana kazi.

Mitihani ya kufunga muhula imekwisha salama. Baadhi yenu bado mnaniuliza, "Amepata divisheni ngapi?" Kwa mtihani wa kidato cha nne divisheni hazipo tena. Tangu mtihani huo, yaani UCE, wa mwaka 2024, wa kwanza chini ya mtaala mpya, kila somo lina herufi yake, A hadi E. Kubwa zaidi ni hili: asilimia 20 ya alama inatokana na kazi anazofanya mwanafunzi hapa shuleni, na UNEB, baraza la mitihani la Uganda, inatoa 80 zilizobaki. Mtoto anayekosa kazi za darasani hawezi kuja kuzifidia kwa kukesha usiku mmoja kabla ya mtihani.

Hapo ndipo ninapofika kwenye jambo lililonikalisha mezani kuandika kirefu, nalo ni vibarua vya baada ya masomo.

Katikati ya muhula, mwalimu wa fizikia aliniletea daftari la mwanafunzi wa kidato cha tatu. Kijana alikuwa amelala juu yake mpaka mate yakalowesha karatasi. Mwalimu alitaka nimwite mzazi. Nikalifungua daftari kwa nyuma, na huko nikakuta duka zima: unga wa ngano, mafuta, mkaa, trei ya mayai, mayai yaliyovunjika 3. Fundi baiskeli, chapati 2, hajalipa. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, kiwango cha shilingi ya Kenya siku kwa siku, maana wateja wengine hulipa kwa noti za ng'ambo. Nilizirudia hesabu zile kwa kikokotoo changu, sikuona kosa hata moja. Kurasa za mbele, za fizikia, zilikuwa na 4 kati ya 20.

Kijana ana miaka 16. Alikuwa akitoka hapa saa kumi na nusu, anasimama kwenye jiko la chapati karibu na stendi hadi saa nne usiku, na saa kumi na mbili asubuhi yuko njiani kurudi shule. Nilimwita mama yake. Alikuja kesho yake akiwa bado na unga kwenye kucha, na wala hakuja kuomba radhi. Aliniuliza, "Nikimtoa kwenye chapati, karo yako atalipa nani?" Ninafundisha miaka mingi, na swali lile lilininyamazisha.

Tulichokubaliana ni hiki. Anafanya kazi mpaka saa moja jioni, kisha mjomba wake anashika chapo. Karo anayodaiwa tumeigawa vipande vidogo vya kila wiki. Lile daftari la madeni tukamkabidhi mwalimu wa ujasiriamali, naye amelipokea kama mradi wake wa darasani. Fizikia sasa imefika 9. Haijawa alama ya kupigiwa vigelegele, na Jumatatu asubuhi macho bado ni mazito. Lakini yuko darasani. Ameniruhusu niwaeleze haya ilmradi nisimtaje jina.

Yeye si peke yake. Wapo wanaokaa kwenye vibanda vya mobile money, wanaochaji simu za watu, wanaosukuma mikokoteni siku za soko, wanaochambua mukene, yaani dagaa, wa Majanji kule ziwani na kuja darasani na harufu ambayo wenzao, kwa ukatili wa umri wao, hawaisamehi. Na wasichana je? Kijana akichoma chapati mnasema anafanya kazi. Binti akichota maji madumu manne, akapika posho (ugali), akaogesha wadogo zake watatu na kufua sare za nyumba nzima, mnasema "anasaidia nyumbani". Kazi ya nyumbani ya hisabati anaianza wakati kibatari kinaishiwa mafuta. Mimi nimelelewa katika nyumba ya namna hiyo, kwa hiyo sinyooshei mtu kidole. Naomba tu saa zake nazo zihesabiwe.

Sikatazi kazi, na wazazi waliowaficha watoto wao kwangu walijisumbua bure. Kuna mambo matatu tu nisiyoweza kuyafumbia macho. La kwanza ni usiku. Sheria yenyewe haimruhusu mtoto kufanya kazi kati ya saa moja jioni na saa moja asubuhi, na tangu marekebisho ya mwaka 2016 umri wa chini wa kuajiriwa ni miaka 16. La pili ni njia za panya. Muhula huu vijana wetu wawili walionekana wakivusha sukari mgongoni wakiwa na sare ya shule, sare niliyoitambua kwa rangi tu kutoka mbali. Anayewapa mzigo ule anajua kwamba askari akitokea, atakayekamatwa ni mtoto. La tatu ni bodaboda. Najua neno lenyewe lilizaliwa kwenye mipaka hii yetu, enzi za baiskeli zilizovusha abiria kutoka boda hadi boda, na babu wa mwanafunzi wangu mmoja hujisifu kwamba alikuwa miongoni mwao. Lakini babu alikuwa mtu mzima, tena baiskeli haikimbii kama pikipiki. Aliye chini ya miaka 18 hana leseni, na kesi za namna hiyo nimezifuata wodini mara mbili.

Ninachoomba ni kwamba kabla ya kufungua muhula wa tatu, mzazi amweleze mwalimu wa darasa mtoto anafanya kazi gani, kwa nani, na anatoka saa ngapi. Kwa mdomo inatosha. Hakuna atakayeadhibiwa kwa kusema kweli, na hakuna atakayetangazwa asubuhi mbele ya bendera. Tukijua, tunaweza kumpangia mtoto muda wa kumalizia kazi zake hapa shuleni kabla hajaondoka. Tusipojua, tunabaki kumwita mvivu.

Likizo hii mahindi yanavunwa, na natambua kwamba mikono inahitajika shambani. Wa kidato cha nne, ambao mtihani wao uko mlangoni, waachieni walau asubuhi.

Mabaki ya karo yameandikwa chini ya ripoti pamoja na tarehe ya kufungua. Asiyeweza kulipa yote aje tuzungumze mapema, kama alivyokuja mama yule. Magodoro ya wa bweni yarudi nyumbani, yaanikwe, kunguni wamezidi.

Ripoti zinatolewa Ijumaa kuanzia saa tatu asubuhi, mkononi mwa mzazi au mlezi. Mtoto atakayekuja peke yake kudai ametumwa atarudi mikono mitupu, hata akija na barua.

Wenu katika malezi,

Mkuu wa Shule