Tusifute majina ya vyombo vyetu ziwani

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wenzangu wenye vyombo katika Ziwa Tanganyika, hasa wanaonunua na kuuza maboti ya mbao katika mialo (sehemu za kushushia samaki) ya Kibirizi, Katonga na Ujiji, kuhusu desturi ya kufuta jina la chombo mara tu kinapopata mwenye mpya. Nami nilikaribia kuifanya, na ndiyo maana naandika.

Mimi ni mvuvi wa ndoano, na uvuvi wangu ni ule ambao wengi hapa Kigoma hawajauzoea. Badala ya chambo hutumia ndoano ndogo iliyofungwa manyoya ya kuku na uzi, ifanane na mdudu au kidagaa. Kwa kuwa manyoya hayana uzito wa kurushika, mshipi wenyewe huwa mnene na mzito, ndio unaorushwa nao ukayachukua manyoya mpaka yanapotakiwa. Samaki ninayemfuata ni kuhe, anayekuja kwenye maji mafupi karibu na miamba, na ambaye baba na mama hulinda makinda yao pamoja. Nikiwakuta wamezungukwa na watoto huwaacha. Uvuvi huu unataka chombo kilicholainishwa vizuri ndani, kwa sababu mshipi unaosubiri kurushwa hulala miguuni mwa mvuvi, na msumari mmoja uliochomoza hutosha kuunasa.

Mwaka 2024, ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, vyombo vingi vilikaa nchi kavu, nami nikapata boti kuukuu lenye omo, yaani sehemu ya mbele, pana ya kusimamia. Lilikuwa limepakwa rangi ya bluu tupu, bila neno lolote. Nilikwisha kununua kopo la rangi nyeupe nikidhamiria kuliita Kuhe, lakini nikaliweka kando nishughulikie kwanza mambo niliyoyaona ya haraka: fundi akalikalafati upya, yaani akaziba mianya ya mbao zake, akapigilia misumari yote ikalala ndani ya mbao, na siku ziwa lilipofunguliwa nikatoka nalo hivyohivyo, halina jina.

Wiki ya tatu mashine ilinizimikia kaskazini ya Kibirizi, jua likiwa linazama na upepo ukinisukuma nje. Chombo cha abiria kilipita kwa mbali, nahodha akapaza sauti kuuliza, “Chombo gani?” Sikuwa na la kumjibu. Nilitaja jina langu, upepo ukalichukua, na ujumbe uliofika mwaloni ni kwamba kuna boti la bluu limeharibikiwa. Maboti ya bluu ni mengi. Waliotoka kunitafuta walidhani ni boti jingine la rangi hiyo lililokuwa limeelekea upande wa Katonga, wakaenda kusini, nami nikakesha juu ya maji mpaka wavuvi wa dagaa waliponiona alfajiri wakirudi na taa zao. Simlaumu mtu. Watu wa mwaloni hawakumbuki namba za usajili usiku. Wanakumbuka majina, na jina ndilo linaloulizwa mwalo hadi mwalo chombo kinapochelewa kurudi.

Niliporudi nilichukua msasa nikaanza kukwangua ubavu wa kulia karibu na omo, nipate pa kuandika. Chini ya bluu ilitokea kijani, na chini ya kijani herufi nyeupe zilizoandikwa kwa mkono usio wa fundi, D ya mwanzo ikiwa imevimba tumbo kuliko wenzake. Nilikwangua polepole mpaka ikasomeka: DENI LIMEKWISHA. Nilimwendea mzee aliyeniuzia, naye akanyamaza kidogo kabla ya kunieleza kuwa baba yake ndiye aliyeyaandika maneno hayo siku alipomaliza kulipa mbao, baada ya misimu miwili ya kuvua migebuka, na kwamba aliyelipaka kijani alikuwa mnunuzi mmoja wa katikati kabla boti halijarudi tena mikononi mwa familia. Mzee mwenyewe alilipaka bluu alipotaka kuliuza, kwa kuwa aliambiwa wanunuzi hawataki chombo chenye jina la mtu mwingine.

Ziwa letu linajua vizuri habari za kubadilishiwa vyombo majina. Meli iliyotengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 na kuunganishwa hapahapa Kigoma iliitwa Graf von Götzen, jina la gavana aliyetawala wakati wa vita vya Maji Maji. Wajerumani wakaizamisha wenyewe mwaka 1916, na Waingereza walipoirudisha kazini mwaka 1927 wakaiita Liemba. Boti la Kijerumani Kingani, lililotekwa tarehe 26 Desemba 1915 na vijiboti viwili vya Kiingereza vilivyoitwa Mimi na Toutou, liligeuzwa likawa Fifi. Majina yote hayo tunayajua mpaka leo kwa kuwa wenye meli walikuwa na madaftari. Deni Limekwisha halikuwa na daftari. Lilikuwa na koti mbili za rangi juu yake, na ningechelewa kidogo tu ningeongeza ya tatu.

Sisemi kwamba mnunuzi hana haki ya kukipa jina chombo alichokinunua kwa jasho lake. Ninachoomba ni kwamba anayetaka jina jipya aliache la zamani, hata kwa herufi ndogo upande wa tezi, yaani nyuma, na kwamba vikundi vya BMU, yaani vya wavuvi vya kusimamia mwalo, katika kila mwalo, ambavyo tayari vinavijua vyombo vyao kimoja kimoja, viweke daftari lenye safu mbili zaidi: jina la sasa na jina la kabla yake. Kazi hiyo haihitaji fedha za mfadhili. Wazee wanaokumbuka bado wapo, wengine wanashinda palepale mwaloni wakishona nyavu, na wakiulizwa mwaka huu watajibu.

Boti langu limerudishiwa jina lake kwa kopo lilelile la rangi nyeupe, na D nimeiacha na tumbo lake. Yeyote anayefahamu historia ya vyombo vya zamani vya Kibirizi anikute pale asubuhi, nimeanza kuandika.

Mvuvi wa ndoano,
Kibirizi, Kigoma.