Kabla ya tatuu kulikuwa na nembo: soma haya kabla hujatuletea picha ya mchoro wa kale

Wengi wanaokuja kutaka tatuu ya kale huja na picha kwenye simu: pembe za Wamakonde zenye umbo la V, jicho la Wamisri, au ile mistari mizito ya visiwa vya Pasifiki ambayo mtandaoni huitwa "ya kikabila" bila kabila lenyewe kutajwa. Michoro hii tunaichora, na kwa moyo. Ila kabla sindano haijagusa ngozi tutakuuliza: mchoro huu ulikaa wapi mwilini, ulikuwa wa nani, na ulitiwaje? Majibu yake hubadilisha ukubwa na mahali pa kuuweka, na mara nyingine hutufanya tukatae kazi.

Tuanze na neno letu wenyewe. Leo ukitaja nembo, watu hufikiria nembo ya taifa au ya kampuni. Kamusi za zamani za Kiswahili zinalieleza neno hilo kuwa alama ya kabila iliyochanjwa mwilini. Wamakonde wa Mtwara na wa ng'ambo ya Ruvuma, kwenye nyanda za juu za Mueda nchini Msumbiji, huiita michoro yao dinembo, na ukilisikiliza neno hilo utaona udugu wake na la kwetu. Nembo si chale. Chale ni mkato mdogo unaotiwa dawa, ukipona unaacha kovu tu. Nembo hutiwa rangi ili ionekane na isomwe.

Fundi wa Kimakonde alichanja ngozi kwa kisu kidogo, mkato kwa mkato, kisha akasugua ndani ya majeraha mkaa uliosagwa wa mbegu za mbarika. Kazi haikuisha siku moja. Ngozi iliachwa ipone, kisha mistari ile ile ikachanjwa tena ili ikolee. Usoni zilikaa pembe zilizopandana na mistari ya kukunjakunja. Mwilini ziliongezwa umbo la mnazi, mjusi au buibui, na kwa wanawake tumbo lilikuwa mahali pa heshima. Alama hizo zilimtambulisha mtu kuwa Mmakonde, na kwamba amevumilia maumivu ya kuingia utu uzima. Siku hizi utaziona zaidi kwenye nyuso za wazee na kwenye vinyago. Kama unataka kujua mpangilio wa kweli, tazama vinyago vya zamani vya mapiko, vile vinavyovaliwa kichwani kwenye ngoma, au vile vya tumbo la mwanamke mjamzito vinavyovaliwa kifuani na mchezaji: mafundi walibandika nta ya nyuki juu ya mti ili nembo zitokeze kama zinavyotokeza kwenye ngozi. Hiki ni kielelezo bora kuliko picha yoyote ya mtandaoni, ambayo mara nyingi imeshapindwa na watu kumi kabla haijakufikia.

Ukituletea nembo ya Kimakonde, basi, usitarajie tuipige kama mstari mmoja mnyoofu wa mashine. Nembo ilijengwa kwa mikato mifupi iliyopangana, na ukiifanya mstari mmoja laini inageuka kuwa pambo la kitambaa. Tunaichora kwa vipande vya milimita 4 hadi 6 vinavyofuatana, kwa sindano za mstari za namba 9, ili jicho lione mkono wa mchanjaji. Eneo la upana wa sentimita 10 huchukua saa 2 hivi.

Wapo wanaotuomba tuchanje kwa wembe na kusugua mkaa kama zamani. Hatufanyi, na hatutafanya. Wembe hauna kipimo cha kina: pale unapozidi milimita 2 unaharibu tabaka la chini na kovu huvimba, pale unapopungua, rangi hutoka na magamba ndani ya wiki 2. Mkaa usiotakaswa huingiza vijidudu. Na wembe uliogusa damu ya mtu mwingine unaweza kukupa homa ya ini aina ya B au C, au virusi vya Ukimwi. Kwetu sindano hufunguliwa mbele yako, hutumika mara moja na hutupwa. Vifaa vya chuma vinavyorudi kazini hupita kwenye mashine ya mvuke kwa nyuzi 121 za Selsiasi kwa dakika 20. Uliza uonyeshwe; hatuoni kuwa ni usumbufu.

Kitu kimoja hakijabadilika tangu zamani, nacho ni kaboni, yaani weusi wa mkaa na masizi. Mwaka 1991 mwili wa mtu aliyekufa takriban miaka 5,300 iliyopita ulikutwa kwenye barafu ya milima ya Alps, mpakani mwa Austria na Italia. Amepewa jina la Ötzi. Ana alama 61, mistari mifupi na misalaba, zote za masizi. Nyingi ziko kiunoni, magotini na kwenye vifundo vya miguu, na mifupa yake ina dalili za kuchakaa kwenye viungo, ndiyo maana watafiti wengi wanaamini zilikuwa tiba ya maumivu. Msomaji aliyewahi kuchanjwa chale kwenye goti linalouma hatashangaa.

Misri nako kuna michoro ya umri unaokaribia huo. Miili miwili ya Gebelein, iliyohifadhiwa British Museum, ilikaa huko zaidi ya miaka 100, na waa jeusi kwenye mkono wa mwanamume halikumshughulisha mtu. Mwaka 2018 ilitangazwa kwamba mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, umefichua fahali mwitu na kondoo mwitu mwenye pembe. Mwanamke wa huko ana alama begani zenye umbo la herufi S.

Wateja wanaotaka jicho la Horus, mungu wa Wamisri wa kale, hutuuliza kama Wamisri wa kale walilichora kweli mwilini. Ndiyo. Mwanamke aliyezikwa Deir el-Medina zaidi ya miaka 3,000 iliyopita ana michoro zaidi ya 30, na macho hayo yako shingoni, mabegani na mgongoni, pamoja na ng'ombe wa mungu wa kike Hathor na maua ya yungiyungi. Lilikuwa jicho la ulinzi, likitazama pande zote. Ukitaka kuufuata utaratibu huo, liweke sehemu ya juu ya mgongo. Kwenye kidole, ambako wengi hulitaka, ngozi husuguliwa mno na mistari midogo huwa imeshalika kabla ya mwaka kwisha.

Neno tatuu lenyewe limetoka Pasifiki, kwenye tatau ya Wasamoa na Watahiti, likabebwa na mabaharia wa nahodha Mwingereza James Cook baada ya 1769. Huko Samoa mwanamume huvaa tatuu iitwayo pe'a kuanzia kiunoni hadi magotini, mwanamke huvaa iitwayo malu mapajani. Fundi hutumia kitana chenye meno na kijiti cha kukigongea, na kazi ya pe'a huchukua siku nyingi. Aliyeiacha katikati hubaki na aibu maisha yake yote. Kwa Wamaori wa New Zealand, moko, yaani mchoro wa usoni, ni ukoo: hueleza mtu ametoka kwa nani. Kwa hiyo moko ya mtu fulani iliyopigwa picha hatuiigi, kwa sababu ni sawa na kutembea na kitambulisho cha mwenzio. Wamaori wenyewe wana jina la michoro ya mtindo wao isiyobeba ukoo, kirituhi, na hiyo tunaweza kukubunia mpya.

Neno kwa wateja wetu wa pwani: Waislamu walio wengi huihesabu tatuu ya kudumu kuwa haramu, na hatumshawishi mtu. Hina ipo. Wakristo wa Kikopti wa Misri, kwa upande wao, huchora msalaba mdogo kifundoni mwa mkono wa kulia tangu utotoni.

Ngozi nyeusi na mchoro wa kale

Rangi hukaa kwenye tabaka la pili la ngozi, kina cha milimita 1 hadi 2. Seli za kinga huimeza zikikusudia kuiondoa, hushindwa, hukaa nayo. Watafiti wa Ufaransa walionyesha kwa panya mwaka 2018 kwamba seli hiyo ikifa, nyingine huipokea rangi ile ile. Weusi wa ngozi, yaani melanini, uko tabaka la juu. Kwa hiyo mchoro wowote unauangalia kupitia melanini, kama kuangalia nguo kupitia kioo cha rangi. Njano, waridi na samawati hafifu hufifia, kaboni hubaki. Bahati njema, michoro ya kale karibu yote ni ya kaboni. Baada ya miaka itaonekana ya samawati kidogo, jinsi zilivyo nembo za wazee, kwa sababu ngozi hurudisha zaidi mwanga wa rangi hiyo.

Kosa kubwa tunaloletewa kurekebisha ni mistari kubanana. Wino hutanuka kadiri miaka inavyopita. Pembe zilizopandana zenye nafasi ya milimita 1 zitakuwa doa moja. Kwetu nafasi haipungui milimita 3, hata kama picha yako inaonyesha vingine, na mchoro ukiwa mdogo mno tutapunguza idadi ya mistari kuliko kuibana.

Kama una kovu lililowahi kuvimba na kukua kupita jeraha lake, hata la kutoga sikio, tuambie mapema. Kifuani na begani hatutakuchora.

Kufunika chale kunawezekana, ila chale iwe na mwaka mzima tangu ipone, iwe tambarare na isiwashe. Kovu hupokea wino bila ulinganifu, sehemu likikataa na sehemu likiusambaza, kwa hiyo tunapita mara mbili, wiki 8 kati ya awamu na awamu. Usitegemee kovu litapotea. Ukipapasa bado utalisikia.

Ukishachorwa, osha kwa sabuni isiyo na manukato mara 2 au 3 kwa siku, kausha kwa kugusagusa, paka mafuta ya mgando safu nyembamba sana. Yakizidi, joto letu huyafanya yazibe ngozi na vipele hutokea. Siku ya 4 hadi ya 10 itawasha na kutoa magamba: usikune, usibandue. Bahari na bwawa subiri wiki 3. Wekundu unaoenea, usaha au homa ni kazi ya hospitali, siku hiyo hiyo. Baada ya wiki 6 rudi tuangalie palipokosa rangi; marekebisho ya kwanza hayalipiwi.