Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Mbunge wetu wa Limón, Costa Rica

Mheshimiwa Mbunge,

Nimekuandikia kwa Kihispania mara tatu, na nakala na mihuri yote, sikupata hata "tumeipokea". Leo nakuandikia kwa Kiswahili, lugha niliyozaliwa nayo Tanga. Hutaielewa, lakini tofauti iko wapi? Angalau ndugu zangu wataisoma.

Jumatatu alfajiri, baada ya mvua ya siku mbili, mbao nne zilizobaki katikati ya daraja letu la kamba zilikwenda na maji. Nilimbeba binti yangu mgongoni, viatu vyake vya shule nimevining'iniza shingoni, nikavuka kwa kushikilia waya. Waya ukanichana kiganja, ndiyo maana nachapa kwa mkono mmoja. Ana miaka minane. Tulipofika ng'ambo aliniuliza kama jioni tutarudi kwa njia hiyo hiyo.

Nikaenda ofisini. Wakasema njia ya upande wetu ni ya kantoni, yaani kama wilaya, ya ng'ambo ni ya taifa, kaulize kule. Kule wakasema daraja linaanzia kwenu, rudi. Nikauliza mkubwa wao hapa mkoani ni nani, karani akacheka. Kumbe kweli: nchi ina mikoa saba na hakuna hata mmoja wenye serikali yake. Mkoa ni jina la kwenye ramani na la kugawia viti vyenu 57. Nyumbani nilizoea kumsema mkuu wa mkoa. Sasa namkumbuka jamani.

Halafu kuna wapanga mipango. Kwenye Mpango wa Taifa wa Maendeleo wa 2023–2026 nchi imegawanywa kanda sita, nasi tukaitwa Huetar Caribe. Jina zuri. Basi tuna mkoa, tuna kanda, tuna kantoni sita, na mbao hatuna.

Nchi hii ilifuta jeshi mwaka 1948, na kila sherehe mnatukumbusha kwamba fedha za bunduki zilikwenda shule. Katiba, kifungu cha 78, inataka elimu ipate si chini ya 8% ya pato la taifa. Bajeti za miaka hii ziko chini ya hapo, mnajua wenyewe. Lakini hata zingefika, mtoto ataifikiaje hiyo elimu kama mto uko katikati?

Ulisimama pale pale wakati wa kampeni, Mheshimiwa. Ulishika waya, ukapigwa picha, ukasema litajengwa kabla ya mvua za Desemba. Hukutaja Desemba ya mwaka gani; kosa letu, hatukuuliza. Labda ni kwa sababu katiba haikuruhusu kugombea tena mfululizo, kwa hiyo kura zetu huna shida nazo. Nakisia tu.

Sikuombi kanda wala mpango mpya. Naomba mtu mmoja, yeyote, aseme: daraja hili ni langu. Kama hilo ni zito, basi mbao. Mbao kumi na mbili na misumari, fundi tunaye. Mbao tu, Mheshimiwa.

Jioni ile tulirudi kwa njia hiyo hiyo.

Wako,
Mama wa mwanafunzi wa darasa la pili