Kabla ya jukwaa, shukeni ngamani

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti hili kimya kimya kwa miaka mingi, na ningeendelea kunyamaza kama si ile habari yenu ya meli kuukuu ya ziwani kugeuzwa ukumbi wa utamaduni, yenye picha ya kijana kashika kipaza sauti sitahani na jua likizama nyuma yake. Mwandishi wenu kaeleza jukwaa, taa za rangi, soko la vinyago, hadi samaki watakaochomwa kule tezi. Neno moja tu nililitafuta toka juu hadi chini nisilione: ngama. Yaani kule chini kabisa, maji yanakokusanyikia.

Wazo silipingi. Ninachopinga ni kudhani meli ikistaafu, gharama zake nazo zinastaafu. Meli inayosafiri ina mhandisi anayeshuka chini kila zamu na tochi yake. Ukiifunga gatini ukawaondoa mabaharia, umeondoa macho, lakini kutu haikusoma barua ya kustaafu.

Tuanze na chuma. Bamba lililofungwa likiwa na unene wa milimita 8 likishaliwa robo na kutu linahesabika limekwisha, litolewe liwekwe jipya. Upungufu huo hauonekani kwa macho, maana rangi huficha. Linapimwa kwa kipima unene, angalau mahali patano kwa kila bamba. Ukitaka kujua pa kuanzia, anza kwenye mstari wa maji, halafu chini ya injini, halafu chini ya vyoo. Hapo ndipo pabovu siku zote. Na meli hizi za zamani zimefungwa kwa ribiti, yaani misumari ya chuma inayoshikanisha mabamba. Fundi wa mtaani akija na mashine yake ya kuchomelea akapiga kiraka, joto linalegeza ribiti za jirani: kaziba tundu moja, kafungua sita. Maji yanayobaki kati ya kiraka na bamba la zamani yanaendelea kula taratibu, na miaka mitatu baadaye mnaambiwa "meli imevuja ghafla". Ghafla ipi?

Habari yenu imesema pia meli italindwa kwa vipande vya zinki. Hilo limenakiliwa kwenye kitabu cha bahari. Ziwa ni maji baridi, yasiyo na chumvi. Zinki humo hujifunika utando ikalala usingizi, na chuma kinaliwa kama kawaida. Maji baridi yanataka magnesi.

Sasa njooni kwenye valvu, koki za kufungia maji, maana hapa ndipo ninapokosa usingizi. Kila bomba linalotoka nje ya meli chini ya maji ni mlango. Hesabu ndogo, mtu yeyote aliyefika kidato cha nne anaweza kuihakiki: tundu la milimita 50, lililo mita 2 chini ya maji, linaingiza karibu tani 26 kwa saa. Mlinzi akilala saa nne usiku akaamka saa kumi na mbili asubuhi, meli imekwishapokea tani 200 na ushei, na kwa kuwa maji hayatulii, yanakimbilia upande mmoja, meli inalala ubavu hapo hapo gatini bila wimbi wala upepo. Dawa inajulikana: meli ipandishwe chelezoni, mahali pa kutengenezea meli nje ya maji, matundu yote yasiyotumika yafungwe kwa bamba la kuchomelewa, libaki moja tu la pampu ya zimamoto, na hilo liwe na valvu mpya na chujio. Kwa wenzetu wa Mwanza na Kisumu, chujio lisafishwe kila siku, kwa sababu gugumaji haliombi ruhusa. Ngamani kiwekwe king'ora cha maji chenye betri yake, kisichotegemea umeme wa gatini, na kila chumba cha chini kiwe na chake. Ving'ora hivyo kwa pamoja havifiki bei ya spika zile mlizozipigia picha, lakini nani atakata utepe mbele ya king'ora?

Kisha kuna watu. Injini na boila ndizo uzito wa chini wa meli. Waandaaji wanataka kuzing'oa wapate "ukumbi wa chini", halafu juu waongeze paa, baa na jukwaa. Maana yake mnapunguza chini na kuongeza juu. Chukueni meli ya tani 1,500 iliyobakiwa na uthabiti, yaani kipimo cha uwezo wa meli kujiinua ikiinama, wa sentimita 30. Watu 300 wenye wastani wa kilo 70 ni tani 21. Mtangazaji akisema "tazameni machweo", wakasogea mita 4 kwenda ubavu mmoja, meli inainama zaidi ya digrii 10. Kwa digrii 10 viti vinateleza, watu wanapiga kelele, na wanaokimbia wanakimbilia upande ule ule ulioinama, ambako kuna mlango. Nchi hii ilipoteza zaidi ya watu 800 katika MV Bukoba mwaka 1996. Sitegemei kueleza tena maana ya uzito na uthabiti kwa mtu yeyote aliyezaliwa kando ya ziwa. Kinachotakiwa ni jaribio la kuinamisha meli baada ya ukarabati, si kabla, farumi, yaani uzito wa kuituliza meli, irudishwe chini kwa kiasi kilichokokotolewa, na idadi ya wageni iandikwe mlangoni na kusimamiwa na mtu asiyelipwa kwa wingi wa tiketi.

Na kamba! Mei 2020 Ziwa Victoria lilipanda likavunja rekodi ya 1964, na hapa Ziwa Tanganyika kila mtu anajua maji yalifika wapi miaka hiyo. Meli iliyofungwa kwa kamba fupi na daraja la zege haitapanda na ziwa. Itavuta vifungo mpaka ving'oke.

Mmetutolea mfano wa meli ya Queen Mary kule Long Beach, Marekani. Ni mfano mzuri, ila simulizi yenu imeishia 1967 iliponunuliwa. Bomba zake za moshi zilipong'olewa zilibomoka, tabaka za rangi ndizo zilizokuwa zimezishikilia. Mwendeshaji wake alifilisika, na 2021 jiji likalazimika kuichukua tena na kulipia matengenezo. Meli ya Rotterdam ya Uholanzi ndiyo funzo kubwa zaidi: asbesto, zile nyuzi za kuzuia joto zinazodhuru mapafu, kwenye mabomba na kuta iliwatoa jasho wenye meli, gharama zikapita euro milioni 200, kisha ikauzwa kwa takriban milioni 30. Na hao ni watu wenye viwanda vya meli mlangoni.

Kwetu hata hilo la asbesto lingepungua ugumu kama michoro ya meli ingekuwepo. Kuna mwaka ilihitajika michoro ya chombo kimoja ili ijulikane farumi ilivyopangwa. Ofisi husika, nisiyoitaja, ikajibu kabati liligawiwa idara nyingine. Karatasi mbili zikapatikana zimetandikwa mezani kwa mlinzi chini ya chupa ya chai, alama za vikombe zimekaa juu ya fremu ya 40. Nyingine zilikwishawashia jiko. Shaba nayo msiniulize: kengele, fremu za madirisha, ile saa ya kuamuru injini iliyo kwenye chumba cha usukani, vyote hupimwa kwa kilo kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Halafu tunaalikwa kwenye warsha ya kuhifadhi urithi, posho na chai ya saa nne.

Liemba, meli kongwe ya Ziwa Tanganyika, iacheni kabisa. Meli iliyoletwa kutoka Papenburg kwa masanduku takriban 5,000, ikazamishwa 1916, ikainuliwa 1924 na kurudi kazini 1927, haikuokolewa na tamasha. Mafundi waliokabidhiwa kuizamisha walipaka injini zake grisi nzito kabla ya kufungulia maji, ndiyo maana mvuke wake ulifanya kazi hadi miaka ya 1970. Yake ni kubeba abiria wa Kasanga na Kirando.

Kwa hao waandaaji, nina ombi moja. Mgeni rasmi atakapokuja kuzindua, asipelekwe jukwaani kwanza. Avuliwe viatu, apewe tochi na nyundo ya nusu kilo, ashushwe kupitia tundu la ngama karibu na shimo la injini, agonge bamba la tatu kutoka mkukuni, uti wa chini wa meli, upande wa kushoto. Likilia kama kengele, karibuni kwenye ngoma. Likilia kama debe bovu, asigonge mara ya pili.

Fundi mstaafu wa meli,
Kigoma