Barua kwa Mwanangu: Siku za Mbalamwezi

Dunga, Kisumu

Mama,

Nakuita hivyo kwa kuwa jina ulilobeba ni la mama yangu. Usishtuke kuona bahasha, hakuna aliyefariki. Nimeshika kalamu kwa sababu ujumbe wa simu ungeusoma ukivuka barabara hapo Njoro unakosoma, ukajibu "sawa Baba", ukaendelea na mengine.

Usiku ule wa Desemba jikoni kwa dani, bibi yako, haujanitoka. Alikuwa akisimulia mvua za mwaka 1961, zile walizoziita mvua za Uhuru, ziwa lilivyopanda mpaka likaingia bomani kwa baba yake. Alipofika pale walipolala juu ya kichuguu pamoja na mbuzi, ukacheka. Bibi wa watu akafurahi. "Umeipenda hiyo?" Ukainua macho: "Ipi, dani?" Kumbe ulikuwa ukichekea simu. Akanyamaza, akarudi kuchambua omena zake.

Sikulaumu peke yako. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nikifuatilia bei ya samaki kwenye kundi la WhatsApp, na mwisho wa hadithi hiyo siujui hadi leo.

Omena ndio waliokusomesha, lakini sidhani nimewahi kukueleza wanavyovuliwa. Jioni tunaziweka taa juu ya maboya na kuziacha zielee gizani. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, siku hizi ni za sola. Wadudu wanaufuata mwanga, omena wanapanda juu, sisi tunasubiri. Wakishajaa tunawazungushia wavu polepole. Hakuna anayewafukuza, wanakuja wenyewe. Lakini mwezi ukiwa mpevu ziwa lote linang'aa, taa zetu zinakosa nguvu, na mvuvi hana budi kukaa nyumbani. Siku hizo tunashona nyavu, tunaziba mitumbwi, tunakumbuka sura za watoto wetu. Hatukujichagulia mapumziko hayo, tulipangiwa na mwezi.

Basi mwezi uliopita nilijaribu. Siku tatu za mbalamwezi nilizima simu, nikaifungia kwenye sanduku la nyavu. Usiku wa kwanza nilikuwa kichekesho: paja lilikuwa likinitetemeka pale simu inapokaaga, na simu yenyewe iko sandukuni! Mama yako alicheka mpaka akatokwa na machozi. Usiku wa pili nilimsikia kiboko akitafuna nyasi nyuma ya choo. Labda huja kila siku.

Najua kwako simu ni masomo, ni nauli, ni M-Pesa. Sikuombi uitupe. Lakini unakumbuka Mei 2024, nyaya za intaneti zilipokatika chini ya bahari na kila kitu kikawa kinatambaa? Ulinipigia simu ya kawaida, tukaongea mpaka salio likakuishia. Sijakusikia ukiongea hivyo tena.

Anza na usiku tu. Simu ilale mbali na kitanda, maana mwanga wake ukikupiga usoni mwili unadhani bado ni mchana na usingizi unachelewa. Najua utasema ndiyo inayokuamsha asubuhi. Humu ndani kuna noti ya shilingi 500, ununue saa ya mezani. (Ndiyo, ningeweza kutuma kwa M-Pesa.) Ukizoea, ongeza Jumapili nzima. Waambie wenzako mapema, la sivyo watazunguka bweni lote wakikutafuta. Na usijitangaze mtandaoni kwamba unapumzika na mtandao. Mwenzangu mmoja hapa ufuoni alifanya hivyo, akashinda siku nzima akihesabu waliompongeza.

Mwezi ujao ukiwa mpevu, njoo nyumbani. Nitakuwa sina safari ya ziwani. Panda matatu ya asubuhi, ile ya kupitia Kericho, na simu uizime ukiwa hukohuko Nakuru. Dani nimeshamwambia. Amesema hadithi ataianza upya, tena ataanzia kabla ya mvua, na kwamba mimi nitakaa ndani, si mlangoni.

Ukifika Ahero usinipigie. Nitakuwa steji tangu saa saba, nimevaa ile kofia yangu nyekundu unayoichukia.

Baba yako