Barua ya wazi kwa BMU (vikundi vya wavuvi vya kusimamia rasilimali za ufuoni) na wakulima wa mlango wa mto Ruvu: pimeni kabla bwawa halijajaa

Wanangu wavuvi, wakulima wa mpunga na wenye mashamba ya chumvi wa Bagamoyo,

Salaam nyingi. Bwawa la Kidunda linajengwa kwenye mto Ruvu kule Morogoro ili lihifadhi lita bilioni 190, Dar es Salaam isikose maji Ruvu ikipungua. Sina ugomvi nalo; watu wa Dar nao wanakunywa. Ninalowasihi ni muwe na vipimo vyenu kabla halijajaa. Baadaye mkisema zamani hapakuwa hivi, mtadaiwa ushahidi.

Bwawa huzuia mchanga na tope la kutoka milima ya Uluguru. Maji yakituama, mchanga hutua, na kinachopita langoni ni maji matupu. Mawimbi hayaachi kuchota ufuo, na usipoletwa mchanga mwingine, pwani inaliwa. Ndivyo ilivyoliwa Rosetta, kwenye mlango wa Nile, baada ya bwawa kuu la Aswan.

Tena huzuia furiko la masika, na hili ndilo husahaulika. Misri ilivua tani zipatazo 18,000 za sadini mwaka 1962. Kufikia mwisho wa muongo ule, furiko likiwa limezuiwa, hazikufika hata 1,000. Kamba wetu nao hukulia mikokoni, na maji ya mvua ndiyo huwasukuma kwenda baharini. Kwa hiyo msiridhike mkiambiwa mto utatiririka mwaka mzima. Maji yale yale yakigawanywa sawasawa kwa miezi kumi na miwili hayafanyi kazi ya wiki mbili za furiko. Kiangazi, kweli, bwawa laweza hata kuwafaa kwa kuirudisha chumvi nyuma, mradi maji yasiishie yote kwenye mabomba.

Chumvi ipimeni kila bamvu, yaani siku bahari inapojaa kuliko kawaida, maji yakijaa kabisa, mahali pale pale. Maji ya chumvi ni mazito, hupenya chini ya maji baridi, hivyo ya kuchota juu yanadanganya. Funga jiwe kwenye chupa, kizibo kiwe na kamba yake, ishushe karibu na sakafu ya mto, ndipo uvute kizibo. Acha tope litue usiku kucha. Mimina lita moja ya yaliyotakata kwenye sufuria safi, chemsha, na mwishoni punguza moto, maana chumvi huruka na hesabu ikaharibika. Ikikauka, kwangua yote, pima kwa mizani ya sonara. Bahari ina gramu 35 hivi kwa lita. Mpunga huanza kuumia kwenye kama gramu 2.

Tope la mikokoni: chomeni nondo ya mita 3 mpaka ishike pagumu, ibaki nusu mita juu. Kila mwezi pimeni urefu ulio wazi. Ukiongezeka, tope linaondoka. Isiwe njiani, nyayo huchimbua.

Ufuo upimwe kuanzia msingi wa nyumba au nguzo ya zege, si mnazi. Mnazi wenyewe utachukuliwa. Linganisheni Aprili na Aprili, kwa kuwa pepo za kusi na kaskazi huhamisha mchanga kila mwaka, bwawa liwepo lisiwepo.

Andikeni pia mikoko iliyokatwa na malori ya mchanga wa mtoni, hata kama wahusika ni jamaa zenu. Mkiyaficha, mhandisi wa bwawa atayatumia kuyatupa madai yenu yote.

Sheria ya rasilimali za maji ya mwaka 2009 imeyapa mazingira nafasi ya pili, baada ya matumizi ya nyumbani. Basi iandikieni Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, Morogoro: masika litaachiwa furiko la kiasi gani, kwa siku ngapi, na je, kuna lango la chini la kutolea mchanga? Ambatisheni nakala ya daftari lenu la vipimo, na msiondoke pale bila muhuri wa kupokelewa.