Tochi za Mlima Meru

Habari za jioni wapendwa. Wengi mmeniuliza inboksi mje na tochi gani kwenye safari yetu ya kupanda Mlima Meru, nawajibu hapa wote kwa pamoja.

Tochi ya kuvaa kichwani ni lazima kwa kila mtu, hata wanandoa hawagawani moja 😄. Siku ya kilele tunatoka Saddle Hut, kambi ya mwisho kabla ya kilele (mita 3,570), usiku wa saa saba hivi, na maeneo ya Rhino Point, njiani kuelekea kileleni, kuna miamba ya kushika kwa mikono yote miwili. Tochi ya simu hapo haifai kabisa, na baridi inamaliza chaji upesi.

Lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 200 hadi 300 zinatosha. Zile zilizoandikwa lumeni 10,000 kwenye boksi, na ndani kuna betri moja ndogo, mwachieni muuzaji. La maana zaidi ni itawaka kwa muda wa saa ngapi kwenye mwanga wa kati. Tunataka saa sita bila wasiwasi. Iwe IPX4 (alama ya kuhimili maji ya kurushwa) au zaidi, isife kwa mvua. Halafu jaribuni kitufe mkiwa mmevaa glavu, hili watu hulisahau dukani.

Betri za lithiamu zinastahimili baridi kuliko alkalaini. Za akiba laleni nazo ndani ya begi la kulalia. Wenye tochi za kuchaji, njooni na pawabenki, msitegemee umeme wa kambini.

Mwanga mwekundu ukiwepo ni vizuri, hutawaamsha wenzako chumbani. Tochi ya mkononi nabeba mimi, moja ya kundi zima.

Asiye na uhakika na yake atume picha hapa kabla ya Ijumaa.